Ua Kati ya Umeme Mkubwa na Umeme Mdogo

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kabla ya kipindi kuanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano, na wanafunzi wayasome kwa sauti: saketi, volti, kihami, chipu, kitenganishi.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Ninawasalimu nyote mlio katika vikundi vya kusikiliza, na leo nawasalimu hasa wenzetu wa Nyangoto, Tarime, kwa sababu habari nitakayoieleza ilitokea huko, katika darasa la watu wazima kama hilo lenu.

Juma lililopita tulijifunza kwamba umeme unaoletwa majumbani na TANESCO ni wa volti 230, na kwamba umeme wa betri ya redio au ya simu ni wa volti chache tu. Tulisema kuwa umeme mkubwa huua, na umeme mdogo hauui. Aliyekosa kipindi kile asihofu. Maneno hayo yanatosha. Leo tutauliza swali moja: Je, umeme huo wa namna mbili ukifanya kazi katika chombo kimoja, tutauzuiaje ule mkubwa usivuke ukaingia kwa ule mdogo?

Sasa sikilizeni habari yenyewe.

Darasa letu lilikuwa na tangi la maji. Maji yalivutwa na pampu ya umeme kutoka kisimani, yakapanda mpaka katika tangi, na watu wakayateka kwa bomba la chuma lililo chini yake. Shida ilikuwa mbili. Mara nyingine tangi lilijaa, maji yakamwagika usiku kucha, na fedha za LUKU zikaisha bure. Mara nyingine kisima kilikauka, pampu ikazunguka bila maji, ikapata moto. Pampu ikiungua, kijiji kinarudi kuchota maji mbali.

Basi mimi, kwa kuwa nilipokuwa chuoni nilijifunza kidogo habari za elektroniki, nikasema nitatengeneza kompyuta ndogo ya kuangalia kazi hiyo. Nilitumia bodi mbili. Bodi ya kwanza niliiweka karibu na pampu. Kazi yake ilikuwa kuwasha na kuzima pampu, na kupima umeme unaoingia katika mota. Pampu inapovuta maji hutumia umeme mwingi. Inapozunguka mahali pakavu umeme hupungua, na kwa alama hiyo tunajua kwamba kisima kimekauka. Bodi ya pili niliiweka karibu na tangi. Hiyo ilikuwa na fimbo mbili za chuma zilizotumbukizwa majini ili kujua maji yamefika wapi, na ilikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha tarakimu. Bodi mbili hizo zilizungumza kwa waya tatu. Waya mmoja ulipeleka neno huku, wa pili ulileta neno kule, na wa tatu uliunganisha upande wa chini wa bodi zote mbili.

Nikawakusanya wanafunzi nikawaonyesha. Nikawaambia, "Msiogope, hizi ni volti 5 tu."

Mama mmoja, mtu mzima, aliyekuwa amejua kusoma miezi michache tu kabla ya siku hiyo, akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, hizo volti 5 unazihesabu kuanzia wapi?"

Ndugu zangu, nilitaka kucheka, lakini sikucheka, kwa sababu nilijikuta sina jibu. Nikachukua mita. Nikapima kati ya waya mmoja na mwenzake: volti 5, sawasawa kama nilivyosema. Kisha nikapima kati ya waya ule ule na fimbo ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Mita ikaonyesha zaidi ya volti 220.

Mnaelewa maana yake? Fimbo zangu mbili zilikuwa ndani ya maji. Maji yalikuwa yakishuka katika bomba la chuma. Na mtoto anayekuja kuteka maji husimama peku, juu ya udongo uliolowa. Nilizima umeme papo hapo, na siku ile hakuna aliyeteka maji mpaka nilipoondoa kila kitu.

Sasa tujibu swali la mama yule, kwa maana ndilo somo lenyewe.

Volti ni kama urefu wa kwenda juu. Mtu akisema, "Dari langu lina urefu wa futi 9," anahesabu kuanzia sakafuni mwake. Lakini nyumba yake ikiwa juu ya mlima, dari lile ni futi 9 kutoka sakafuni, na ni mamia ya futi kutoka bondeni. Atakayeanguka kutoka darini mpaka sakafuni ataumia kidogo. Atakayeanguka mpaka bondeni hatapona. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa nyumba juu ya mlima. Kwa sababu ilipima umeme wa mota wenyewe, ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na waya za umeme wa nyumba, na "sakafu" yake ilikuwa imepanda pamoja nazo. Na mimi, kwa waya ule wa tatu, niliiunganisha sakafu hiyo na maji ya kunywa.

Huenda mtu akauliza, "Mbona siku zote mambo kama hayo hayaui watu?" Jibu ni kwamba umeme wa nyumba huja kwa waya mbili, waya wa moto na waya wa nyutro. Sakafu ya bodi ikiungwa na nyutro, hatari hulala. Lakini siku fundi, au hata waya wa kurefusha ulionunuliwa sokoni, utakapobadilisha waya hizo mbili, hatari huamka, na taa zitawaka vile vile, wala hakuna alama ya kukuonya. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Na kumbukeni kwamba umeme unaopita mwilini hauhitaji kuwa mwingi. Zile swichi za usalama zinazokata umeme unapovuja ardhini hutengenezwa ili zikate katika sehemu 30 za elfu moja za ampea. Kiasi hicho kidogo chaweza kusimamisha moyo.

Basi, dawa yake ni nini? Je, tukate waya zote kati ya bodi mbili? Tukikata, bodi hazitaweza kuzungumza, na pampu haitajua kama tangi limejaa. Tunataka neno livuke, lakini umeme usivuke.

Fikirini mto Mara, unaotenganisha Tarime na Serengeti. Mtu amesimama ng'ambo ya Serengeti, na ndugu yake amesimama ng'ambo ya Tarime. Mto umejaa, una mamba. Yule wa kwanza anaita, "Ng'ombe wamefika!" Yule wa pili anasikia, anajibu, "Vema!" Habari imekwenda na imerudi, lakini hakuna aliyelowa, wala mamba hakupata kitu. Sauti imevuka, mwili haukuvuka.

Katika elektroniki kuna kitu kidogo kinachofanya kazi kama mto huo. Ni chipu, nayo huitwa kitenganishi cha kidijitali. Mafundi wengi huiita aisoleta. Umbo lake ni kijiwe cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye miguu ya chuma pande mbili. Miguu ya upande mmoja ni ya umeme hatari, na miguu ya upande wa pili ni ya umeme salama. Kati ya pande hizo hakuna waya hata mmoja unaovuka.

Neno linavukaje, basi? Ziko njia tatu, nami nitazitaja kwa ufupi.

Njia ya kwanza ni ya zamani, nayo ni mwanga. Upande mmoja huwekwa kitaa kidogo sana, na upande wa pili jicho la elektroniki. Kitaa kikiwaka, jicho linaona. Chombo hicho huitwa optokapla, nacho kimo ndani ya chaja nyingi za simu. Ni chombo kizuri, lakini kitaa chake hula umeme, na kwa miaka mingi mwanga wake hufifia.

Njia ya pili ni sumaku. Mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alizungusha waya mbili katika pete moja ya chuma, kila waya upande wake. Alipopitisha umeme katika waya wa kwanza na alipoukata, waya wa pili ulishtuka, ingawa waya hizo hazikugusana. Transfoma zote mnazoziona juu ya nguzo hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Analog Devices ya Marekani ilianza kuuza chipu zenye vikoili viwili vidogo mno vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na kati yao pana utando wa plastiki ngumu. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu.

Njia ya tatu ni kapasita, yaani vibati viwili vya chuma vinavyotazamana bila kugusana. Umeme uliotulia hauwezi kupita kati yao, lakini mabadiliko ya haraka husikika upande wa pili, kama vile mtu akigonga ukuta jirani husikia. Katika chipu hizo ukuta wenyewe ni wa silikoni na oksijeni. Msifikiri kwamba hicho ni kitu kigeni. Wachimbaji wadogo wa Nyamongo wanalijua lile jiwe jeupe linalong'aa, ambalo huvunjwa na kusagwa ili kutafuta dhahabu. Jiwe hilo nalo ni silikoni na oksijeni. Sisi tunalitupa tukiisha kupata dhahabu. Wenzetu wametengeneza kutokana na vitu hivyo hivyo ukuta wa kuokoa maisha.

Kwa nini chipu hizi huitwa za kidijitali? Kwa sababu hupitisha maneno mawili tu, "ndiyo" na "hapana", au 1 na 0. Lakini huyapitisha kwa kasi ya ajabu. Ziko ziwezazo kupitisha zaidi ya milioni 100 kwa sekunde moja. Kama vile ninyi mlivyojifunza herufi chache na sasa mwaweza kusoma barua nzima, ndivyo maneno hayo mawili yakipangwa yanavyoweza kueleza tarakimu yo yote.

Sasa nawaomba wale vijana mafundi waandike, kwa sababu chipu nzuri katika mikono isiyojua haisaidii kitu. Ziko kanuni sita.

Kwanza, usiunganishe sakafu za pande mbili. Waya ule wa tatu, ulioniponza mimi, lazima uondoke. Ukiweka kitenganishi kisha ukaacha waya mmoja tu unaovuka, umejenga ua imara wa ng'ombe na kuacha lango wazi. Fisi hatapanda ua, atapita langoni.

Pili, kila upande uwe na umeme wake. Kitenganishi cha kawaida hupitisha neno tu, hakipitishi chakula. Upande wa tangi niliupa paneli ndogo ya jua na betri yake. Ukichukua umeme wa pande zote mbili katika chaja moja, umerudi pale pale pa waya wa tatu.

Tatu, soma karatasi ya chipu, na usidanganywe na tarakimu kubwa. Chipu nyingine huandikwa volti 5,000. Hizo ni volti za majaribio, ambazo chipu huzivumilia kwa dakika moja. Volti za kazi, yaani zile itakazozivumilia siku zote kwa miaka mingi, ni chache zaidi. Tena, mahali ambapo binadamu atagusa, tafuta chipu iliyothibitishwa kwa ulinzi ulioimarishwa, wala siyo ulinzi wa msingi tu. Mtu mwenye nguvu za kuinua gunia mara moja si lazima aweze kulibeba kutwa.

Nne, acha nafasi chini ya chipu. Chipu pana zina nafasi ya milimita 8 hivi kati ya miguu ya pande mbili. Usipitishe shaba chini yake, wala usiache risasi ya kulehemu itapakae hapo. Na kwa kuwa huku kwetu kiangazi kina vumbi jingi, na masika yana unyevu na wadudu, funga bodi ndani ya sanduku lisiloingia vumbi wala maji. Vumbi lililolowa ni daraja, na umeme hupenda madaraja.

Tano, uliza: upande mmoja ukizimika, chipu itasema nini? Ziko zinazosema "ndiyo" na ziko zinazosema "hapana". Kwa pampu yetu nilichagua inayosema "hapana", ili betri ya tangi ikiisha pampu isimame. Ni afadhali kukosa maji saa moja kuliko kuunguza pampu.

Sita, weka kapasita ndogo ya sehemu moja ya kumi ya maikrofaradi kila upande, karibu kabisa na miguu inayoingiza umeme wa chipu. Kitu hicho ni cha bei ndogo sana, lakini bila yake chipu hupayuka inapowashwa mota.

Je, baada ya hayo ilikuwaje? Niliweka chipu moja yenye njia mbili, njia moja ya kwenda na njia moja ya kurudi. Nikamwita fundi mwenye leseni ya EWURA aangalie waya za pampu, aziweke moto na nyutro mahali pake, afunge waya wa ardhi, na aweke ile swichi ya kukata umeme unaovuja. Kisha, mbele ya darasa zima, nikampa mama yule mita mkononi, na fundi akamwonyesha mahali pa kushika. Akapima kati ya waya wa fimbo na ardhi, akasoma tarakimu kwa sauti yake mwenyewe. Haikuwa 220 tena. Hapo ndipo tulipofungua bomba.

Ndugu wasikilizaji, nataka msinielewe vibaya. Siwaambii kila mtu akafungue masanduku ya umeme nyumbani kwake. La, hasha! Kazi ya umeme mkubwa ni ya fundi aliyesajiliwa. Wala kitenganishi si kinga ya radi. Mvua za kanda ya Ziwa Victoria zina radi nyingi, na wingu likianza kunguruma, chomoa vyombo vyako. Tena, si kila kazi inahitaji chipu hii. Ikiwa unataka kuwasha na kuzima tu, rilei nzuri yatosha. Kitenganishi ni kwa ajili ya mahali ambapo bodi mbili zinazungumza kwa haraka, na moja yao iko katika umeme wa hatari.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila mtu anaweza kulifanya, hata asiyejua kutofautisha kapasita na kokwa la embe. Fundi, au mwalimu, au mtu mwingine ye yote akikuambia, "Usiogope, hizi ni volti 5 tu," muulize alivyouliza mama yule: "Unazihesabu kuanzia wapi?" Msione haya kuuliza kwa kuwa mmeanza shule mkiwa wazima. Mimi nilikuwa na diploma, naye alikuwa na daftari moja. Na watoto wanaoteka maji pale walisalimika kwa swali lake.

Sasa mwalimu wa darasa azime redio, na kikundi kizungumze juu ya maswali haya:

1. Kwa nini waya wenye volti 5 uliweza kuwa na hatari ya volti zaidi ya 220?
2. Kitenganishi kinapitisha nini, na kinazuia nini? Toeni mfano wenu wenyewe, si ule wa mto Mara.
3. Fundi ameweka kitenganishi, lakini pande zote mbili zinapata umeme katika chaja moja. Amekosea wapi?
4. Taja mahali pawili kijijini kwenu ambapo umeme na maji vipo karibu. Nani aitwe apakague?
5. Andika sentensi tatu kwa mkono wako mwenyewe, ukitumia maneno haya: volti, ardhi, usalama.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza habari za waya wa ardhi: jinsi unavyochimbiwa, na kwa nini udongo mkavu haufai. Mpaka hapo, someni, ulizeni, na mkae salama. Kwa herini.